Mimea ya vinasaba vipya na maji machafu ya shamba

Je, mimea iliyobadilishwa vinasaba husafisha maji yanayotoka shambani? Kwa naitreti na fosfeti (virutubisho vya mbolea) huna haja nayo. Matete na mafunjo ya kawaida yanatosha, mradi uyavune na kuyatoa, maana yakiozea humo virutubisho vinarudi majini (kosa la kila siku). Faida yake iko kwenye dawa za magugu: jeni atzA ya bakteria wa Pseudomonas, ikiwekwa kwenye lusani (alfalfa, mmea wa malisho), huufanya mmea ugeuze atrazini, mojawapo ya dawa hizo, kuwa haidroksiatrazini, isiyoua mimea. Lakini lusani haipendi maji yaliyotuama, hivyo ni ya kingo za mtaro, si bwawani. Tuamisha tope kwanza, maji yapite polepole mizizini. Ikate kabla haijachanua, chavua isisambaze jeni.