Presha yangu ilikuwa 168/104, wala kichwa hakikuuma

Nilikwenda kutibiwa mgongo. Muuguzi alinifunga kitambaa cha kipimo mkononi kama anavyofungwa kila anayeingia, mashine ikavuma, ikatoa 168/104. Akaitazama, kisha akanitazama mimi. "Baba, husikii chochote? Kichwa? Kizunguzungu?" Nikamjibu ni mgongo tu.

Miaka yote niliamini kwamba presha ikipanda nitajua, kichwa kitaniambia. Kama nawe unaamini hivyo, tafadhali achana na imani hiyo leo. Wengi wenye shinikizo la juu la damu hawasikii dalili yoyote. Damu inazisukuma kuta za mishipa mwaka baada ya mwaka, mishipa inakakamaa, misuli ya moyo inanenepa kwa kazi nzito, figo zinachoka, na mtu anaendelea na shughuli zake hadi siku anapoanguka na kiharusi. Pasipo kupima huwezi kujua.

Namba ya juu ni nguvu ya damu pale moyo unapojikamua kuisukuma. Ya chini ni nguvu inayobaki moyo unapotulia kati ya pigo moja na jingine. Usiidharau hata moja, maana ikizidi moja tu, inatosha kukuweka kwenye daraja la juu zaidi.

Madaraja yenyewe ndiyo yaliyonichanganya, kwa sababu wataalamu hawayapangi sawa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linahesabu kuwa una presha ukifika 140 kwa namba ya juu au 90 kwa ya chini, tena katika siku mbili tofauti. Wataalamu wa moyo wa Marekani waliushusha mstari mwaka 2017: kuanzia 130 au 80 uko daraja la kwanza, kuanzia 140 au 90 la pili. Mpangilio uliozoeleka Ulaya unaweka 140 hadi 159, au 90 hadi 99, daraja la kwanza. 160 hadi 179, au 100 hadi 109, la pili. 180 au 110 na kuendelea, la tatu. Kwa hiyo mwenye 134/84 ni mgonjwa kwa hesabu moja, na kwa nyingine anaambiwa iko juu kidogo, ajihadhari. Muulize daktari wako anatumia mpangilio upi, na anataka ushuke hadi ngapi.

Siku ile hakuna aliyeniandika kuwa mgonjwa, na nashukuru. Niliporudi, nilipanda ngazi mbio, nikakaa, nikakunja nne huku nikisimulia foleni ya njiani. Muuguzi akanigusa bega. "Baba, shusha mguu. Egemea. Tusiongee kwanza." Nikakaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili sakafuni, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Hata hapo ilitoka 158/98. Ningepimwa nilivyoingia, ingetoka kubwa zaidi na isiyo ya kweli. Mkojo uliobanwa, kahawa au sigara ndani ya nusu saa, kitambaa kidogo kwenye mkono mnene, vyote vinapandisha namba. Wapo pia ambao presha hupanda kwa kumwona daktari tu, na wapo ambao hospitalini iko sawa lakini nyumbani iko juu. Ndiyo maana nilitumwa nikapime nyumbani siku 7, asubuhi na jioni, mara mbili mbili, na kuandika kila kitu. Kwa wanaohesabu 140/90 hospitalini, mstari wa vipimo vya nyumbani ni 135/85.

Kuhusu chanzo, kwa walio wengi mno hakuna kimoja cha kunyooshewa kidole. Ni kurithi, umri, chumvi, uzito, pombe na kukaa kitako, vyote vikisaidiana. Chumvi inavuta maji, maji yanaongeza damu inayozunguka. WHO inashauri isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko cha chai kimoja, pamoja na ile iliyokwisha tiwa kwenye vyakula vya viwandani. Wachache wana chanzo mahususi: ugonjwa wa figo, hitilafu za homoni, kukoroma kunakoambatana na pumzi kukatika usingizini, au dawa.

Dawa! Daktari aliniambia nitaje kila ninachomeza, hata cha dukani. Nilikuwa nameza diklofenaki karibu kila usiku kwa ajili ya mgongo. Dawa za kundi hilo, na ibuprofeni imo, huufanya mwili ushikilie chumvi na maji. Niliacha, presha ikashuka, lakini ikagota 148/94. Nikaanzishiwa kidonge.

Ukiona 180/120 au zaidi pamoja na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, upande mmoja wa mwili kulegea, ulimi kuwa mzito au macho kufifia, kimbia hospitali saa hiyohiyo. Usingoje kesho.

Kosa langu kubwa lilikuja baadaye. Niliona 124/78, nikajiambia nimepona, nikaacha kidonge. Wiki tatu hazikuisha, ikasoma 156/98, na safari hiyo pia sikusikia kitu. Sasa kidonge kinakaa kando ya mswaki, daftari la namba kando ya kidonge. Asubuhi hii imeandikwa 126/80.