STI kutoka Mbeya kwenda Kyalami: anza na breki

Kaka, achana kwanza na turbo kubwa. Umesema mnatoka Mbeya kupitia Tunduma hadi Kyalami, uwanja wa mbio za magari Afrika Kusini, na Subaru STI yako haijawahi kuingia uwanjani. Hela iweke kwenye breki. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kadiri yanavyokaa: DOT 4 (daraja la mafuta hayo) mpya haitakiwi kuchemka chini ya 230°C, ila ikishanyonya maji kiwango hicho kinashuka hadi 155°C. Yakichemka yanatoa mvuke, pedali inazama mpaka chini na gari halisimami. Mteremko wa Iwambi unashuka na gia unafika Mbalizi salama. Kyalami, mzunguko wa kama kilomita 4.5, unafika kila kona kali na mwendo mkubwa na kukanyaga kwa nguvu, raundi baada ya raundi, mpaka pedi zinanuka. Kwa hiyo mwaga mafuta ya breki yote, weka mapya, toa hewa kwenye breki za magurudumu yote manne. Pedi zilizobaki nusu, badilisha.

Upepo wa tairi upime zikiwa za moto, ukitoka tu uwanjani, upunguze uliozidi. Nati za magurudumu kaza kwa spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza, siyo ile ya fundi kupanda juu ya bomba. Oili pima kila ukitoka. Hizo injini zinakunywa oili. Ukiingia uwanjani buti iwe tupu, hata jeki toa.

Raundi ya mwisho endesha taratibu breki zipoe, na ukiegesha usivute handbreki, weka gia. Bima je, umewauliza? Nyingi hazilipi ajali ya uwanjani.