Nyumba ya milioni 60 Tabata: ninunue, nikarabati, niuze?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni muuguzi hapa Dar es Salaam, nina akiba ya milioni 80 na sijawahi kufanya biashara ya nyumba. Nimeoneshwa nyumba ya zamani Tabata, vyumba vitatu, inateremkia bondeni. Wanataka milioni 60. Nimepanga kuweka malumalu, jipsam na madirisha ya aluminiamu kwa milioni 18, kisha niuze 95. Dalali ananiharakisha, eti kuna mteja mwingine analipa Ijumaa. Unanishauri nini?
Binti wa Tabata

JIBU: Marahaba binti. Huyo wa Ijumaa mwache alipe. Katika miaka yangu yote ya kusimamia mafundi sijaona dalali asiye na mteja wa Ijumaa.

Umeandika "inateremkia bondeni" halafu ukakimbilia malumalu. Mimi ningekwama hapo hapo. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na bonde la Tabata ni la Msimbazi. Nenda na tepu. Ikiwa imo ndani ya hizo mita, hata uipambe vipi, nani atakupa 95? Waulize na majirani maji yalifika wapi masika iliyopita.

Ikivuka hapo, kagua kuta za chini. Rangi ikiwa mpya usawa wa kiuno kushuka chini na huko juu imepauka, kuna kitu kimefichwa. Omba kabati lisogezwe, kwaruza ukuta kwa ufunguo. Plasta ikimomonyoka na kuacha ungaunga mweupe, ni chumvi inayopanda na unyevu kutoka kwenye msingi. Fundi atakwambia, "Tunapiga skimu, mama, inaisha," yaani anapaka tabaka jembamba la kulainisha juu ya plasta. Haiishi! Inabanduliwa plasta mpaka tofali lionekane, na kazi hiyo haimo kwenye milioni 18 zako. Shimo la choo na nyaya za umeme navyo sijaviona kwenye bajeti yako.

Karatasi: kama ina hati, fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati ujue mmiliki aliyeandikishwa ni nani; kama ni leseni ya makazi, anzia ofisi ya ardhi ya Halmashauri ya Jiji. Muuzaji ana mke? Naye asaini ridhaa.

Sasa hizo 95. Toa 60, toa 18, inabaki 17. TRA, watu wa kodi, wanachukua asilimia 10 ya faida, yaani milioni 1.7, ilimradi una risiti za ukarabati. Mchanga wa lori la barabarani na fundi wa kulipwa mkononi ni rahisi, lakini bila risiti faida yako kwenye makaratasi inasomeka 35, na kodi inapanda. Bado dalali hajakatiwa chake, na mnunuzi anaweza kuchukua mwaka mzima kupatikana.

Vipimo vikikaa sawa, mpe muuzaji ofa ya milioni 50. Aluminiamu iache, fedha yake peleka kwenye plasta na choo.