Mgeni akikupa uyoga wa kumtibu ndugu yako

Sisi waongoza watalii wa Moshi tunasikia mengi mlimani. Siku hizi wageni wakishapata chai pale kambi ya Horombo, Kilimanjaro, maongezi hayachelewi kufika kwenye uyoga unaolevya akili: umewaponya sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, umewafungua fahamu. Mmoja aliposikia mdogo wangu anahudhuria kliniki ya akili, akataka kuniachia kidogo nimpelekee. Nilikataa. Nawe ukipewa, kataa.

Utafiti wenyewe upo. Kiini cha uyoga huo huitwa silosaibini. Mwaka 2022 yalitoka matokeo ya jaribio la watu 233 ambao dawa za kawaida za sonona zilikuwa hazijawasaidia. Baada ya wiki 3, waliopewa miligramu 25 walikuwa na nafuu kuliko waliopewa miligramu 1. Sehemu hii mgeni hakuisimulia: katika kundi hilo la miligramu 25, nafuu ilidumu hadi wiki ya 12 kwa takriban mtu mmoja kati ya watano, na wapo waliopata mawazo ya kujidhuru.

Tena hawakupewa tu wakaachwa. Majaribio haya kwa kawaida huwakataa wenye skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwepo, na mara nyingi hata ambao ndugu zao wa damu wanaugua. Dawa za sonona hupunguzwa taratibu chini ya daktari. Siku ya kumeza, mtaalamu hukaa na mgonjwa saa sita na zaidi, kisha hufuata vikao vya mazungumzo. Mfukoni mwa jaketi la mgeni kuna uyoga peke yake.

Upande wa fahamu unanivutia, sikatai. Vipimo vya ubongo vinaonyesha kwamba mtu akimeza silosaibini, mtandao wa sehemu za ubongo unaofanya kazi anapojiwaza mwenyewe hulegea kwa muda. Ila mtu akianza kuropoka huko juu Kibo, sisi tunamshusha haraka. Sitaki kubahatisha kama ni uyoga au ubongo unavimba kwa kukosa hewa.

Wapo pia wanaosema hata kwetu dawa kama hiyo ipo, mmea wa mnanaha. Hapana jamani! Mnanaha una sumu za atropini na skopolamini. Unavuruga akili na moyo, na unaua.

Sheria nayo haitauliza kama ulikuwa unampelekea mgonjwa. Hata Australia, iliyoruhusu matibabu haya Julai 2023, wanaoandika dawa hiyo ni madaktari wa akili walioidhinishwa tu.

Mimi mgeni akisisitiza, namwomba aniandikie jina la utafiti aliousoma. Karatasi hiyo mdogo wangu anaipeleka kliniki, na vidonge vyake anaendelea kumeza.