Utavaa Nini Usiku wa Kupamba

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Barua yako imenifikia na nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa barazani baada ya Alasiri. Unasema jeraha la kuondolewa titi limepona na daktari amekuruhusu kuvaa utakacho, lakini ulifungua kabati la nguo ukalia, kwa kuwa harusi ya binti ya shangazi yako imekaribia nawe hujui utavaa nini kifuani penye titi moja. Unaniuliza mimi nilifanyaje.

Aliyekulia kwingine huenda asilielewe hili, lakini hapa Mombasa barabara haijawahi kunitisha. Buibui hufunika kila kitu, na haya ya siku hizi yanayofunguka mbele, si yale ya zamani ya kuvalia kichwani, yananifaa hata siku ambazo mkono haukubali kupanda. Kinachotisha ni ukumbini, usiku wa kupamba, ile sherehe ya bibi harusi ya wanawake watupu, wanawake wanapokuwa peke yao, mabuibui yakavuliwa na kila mmoja akamkagua mwenzake kuanzia shingoni hadi kisiginoni. Hofu yako iko pale, na yangu ilikuwa pale pale.

Harusi yangu ya kwanza baada ya upasuaji, nilijaza pamba ya dukani ndani ya sidiria ya kawaida, nikajiona nimepata. Taarabu ilipokolea nikainuka kwenda kumtuza mwimbaji, na nilipoinua mkono wenye noti, ile pamba ikapanda nayo hadi karibu na mtulinga. Nilirudi kitini nikaukumbatia mkoba wangu mpaka biriani ilipoletwa. Kosa halikuwa kwenda harusini. Kosa lilikuwa kwamba pamba haina uzito wa kuivuta chini, na sidiria yenyewe haikuwa na mfuko wa kuishika.

Kwa hiyo anza na sidiria kabla hujafikiria gauni. Itafute yenye mikanda mipana isiyokata bega, isiyo na waya, inayopanda vizuri upande wa kwapa, kisha fundi akushonee kwa ndani mfuko wa pamba laini wenye mdomo wa kutilia na kutolea. Titi la bandia la silikoni huwa na uzito unaokaribia wa titi lenyewe, na uzito huo una kazi, maana ukikosekana bega la upande mmoja huanza kupanda na mgongo ukauma, hasa kwa mwenye kifua kikubwa kama sisi. Lakini silikoni na joto letu la kaskazi havipatani. Utatoka jasho, kwa hiyo weka kitambaa chepesi kati yake na ngozi, na kila usiku ulioshe kwa sabuni isiyo kali na kulikausha. Mimi kabla sijapata la silikoni nilishona kifuko kwa kipande cha leso iliyochakaa nikatia mchele. Kilikaa vizuri ajabu, mpaka kikaingia fukusi. Ukishona chako, kishone chenye kifungo ili ubadilishe kilichomo, kisha simama mbele ya kioo uongeze au upunguze mpaka mabega yalingane.

Na usipotaka kujaza kitu, usijaze. Nyumbani mimi sivai chochote ndani ya dera, na wageni wanaobisha hodi wananikuta vivyo hivyo. Ukiamua kwenda harusini hivyo, chagua kitambaa chenye maua makubwa au marinda kuanzia kifuani, na mtandio uupitishe mshazari kutoka begani. Satini laini ya rangi moja iache, kwa sababu inaganda mwilini na kuonyesha kila mkunjo.

Shingo ya gauni ipande kidogo. Usiipime ukiwa umesimama wima, kwa kuwa harusini hakuna anayesimama wima usiku kucha: inama kama unayepakua pilau, kisha inua mikono kama unayepiga vigelegele na kupunga leso, na utazame kioo. Zipu iwe mbele au ubavuni upande wa mkono mzima, maana kuhangaika na zipu ya mgongoni kutakumaliza kabla hujatoka chumbani.

Jambo moja silifanyii mzaha. Uliniambia walikutoa tezi za kwapani. Mkono huo unaweza kuvimba hata baada ya miaka, kwa kuwa njia za maji ya mwili zimepungua, kwa hiyo mkono wa gauni usiwe na lastiki wala usibane, bangili zivae upande mwingine, na mkoba mzito mpe dada yako. Ukiona pete imeanza kukaza au mkono umekuwa mzito, usingoje harusi ipite; rudi kwa daktari. Na kama ngozi bado ni nyeusi na inauma ikiguswa kutokana na mionzi ya matibabu, iweke sidiria kando uvae fulana ya pamba chini ya gauni, kovu lisisuguliwe.

Usije na gauni lililokwisha kushonwa. Lete kitambaa chako wiki moja kabla, na sidiria yenye mfuko uwe umeivaa, kwa sababu vipimo vya kifua nitavichukua mwenyewe juu yake, kisha nitampelekea fundi wangu wa Mji wa Kale, ambaye amenishonea miaka yote hii bila kuniuliza swali hata moja.

Mamako