Udiwani, Hertford na ile ajenda ya tisa

Mwanangu, juzi uliniuliza kwenye simu, "mama, mtu anatokaje kwenye udiwani anaenda kusoma maaskofu wa Uingereza wa miaka 1300 iliyopita, si umekimbia tu hapo?" Nikasema ntakuandikia maana mtandao ulikuwa unakatakata.

Sijakimbia bwana, nimehama kikao tu. We si unakumbuka yale makabrasha ya baraza yaliyokuwa yanajaa mezani, muhtasari, yatokanayo, mengineyo. Sasa nafika chuo huku Kent tunapewa kusoma mkutano wa maaskofu uliofanyika Hertford, mwaka 673 kwa hesabu ya Bede, yule mtawa aliyemaliza historia ya kanisa lao 731, na humo ndani kaweka muhtasari wenyewe wa kikao, mpaka jina la karani lipo, Titillus! Nilicheka peke yangu maktaba.

Mwenyekiti ni askofu mkuu Theodore, Mgiriki wa Tarsus, kafika Canterbury 669 na utu uzima wake. Na kabla yake papa alimtaka Hadrian, Mwafrika wa kule kaskazini, akakataa akampendekeza Theodore, papa akasema sawa ila na wewe unaenda naye. Siasa hizo, we acha.

Maazimio yalikuwa 10. La pili, askofu asiingilie eneo la mwenzie. La saba wakutane mara mbili kwa mwaka, wakaona haiwezekani wakashusha iwe mara moja, 1 Agosti, sehemu inaitwa Clofesho ambayo mpaka leo hakuna anayejua ilikuwa wapi. La tisa ndo lilinimaliza: waumini wameongezeka kwahiyo maaskofu nao waongezwe, yani majimbo yagawanywe, halafu wakaandika hilo kwa sasa tumeliacha.

Darasani wenzangu walipita hapo kama hamna kitu. Mi nimekaa barazani siku kata inataka kugawanywa, ajenda ikiahirishwa ujue kuna mkubwa imemgusa, Bede hasemi nani alipinga ila nikaangalia nani hakuja: Wilfrid, askofu wa Northumbria, ufalme wa kaskazini huko, mwenye jimbo kubwa ajabu, katuma wawakilishi! Mwaka 678 akakosana na mfalme wa huko, Ecgfrith, akafukuzwa, na Theodore hakuchelewa, akaweka maaskofu watatu kwenye eneo lile lile. Wilfrid akafunga safari mpaka Roma kukata rufaa, akashinda, akarudi na barua ya papa mkononi, mfalme akamtia ndani.

Sasa niambie hiyo na ya kwetu tofauti yake nini, zaidi ya Kilatini? Ndo ninachoandika, namna vikao vyao vilivyokuwa vinaahirisha mambo na nani alinufaika.

Na hao wa kata wanaokutuma uniulize kama ntarudi kugombea, waambie fomu wachukue wenyewe, mi nina sura ya tatu ya kumalizia.

Mama yako