Kabla hamjabishana inazunguka upande gani, ulizaneni kwanza mmesimama wapi

Mwaka juzi tulipoteza wiki mbili nzima, na karibu nusu heka ya bamia ikakauka kule bonde la Ruvu, sababu ya swali moja tu, pampu inazunguka upande gani. Naliandika hili kwa kirefu kwa sababu tangu siku ile kila nikiona watu wanagombana kwenye magrupu, mara mdada anayezunguka, mara feni, mara maji ya sinki, naona kosa ni lile lile letu, na dawa yake ipo.

Ilikuwa hivi. Pampu yetu ya kumwagilia inaendeshwa na mota ya fezi tatu, yaani inayoletewa umeme kwa waya tatu. Nguzo ya umeme ikaanguka, mafundi wakaja wakarudisha, kesho yake baba mdogo anayesimamia shamba ananipigia anasema maji yanatoka lakini hayana nguvu, mpira wa mwisho haujai kabisa. Mimi niko Dar, kazini hawaniachii, nikawaza labda waya zimebadilishana wakati wa kuunganisha, maana mota ya fezi tatu ukibadilisha waya zozote mbili kati ya zile tatu inageuza mzunguko. Na hapa wengi wanadanganyika, pampu ya namna hii, inayosukuma maji kwa gurudumu linalozunguka ndani yake, ikizunguka kinyume hairudishi maji mtoni, inaendelea kuyasukuma mbele vilevile ila kwa unyonge, kwa hiyo unaweza kukaa siku nyingi unahangaika na mabomba wakati ugonjwa uko kwenye waya.

Nikampigia. "Shikamoo baba mdogo, hebu nenda kaiangalie mota, inazunguka kama mshale wa saa au kinyume?" Akaenda, akarudi hewani. "Marahaba mwanangu. Kama saa."

Kijitabu cha mota nacho kinasema kama saa. Bado nikawa na wasiwasi nikamwambia azunguke nyuma ya mota anirekodie video kwa simu. Ikaja ya sekunde kumi, unaiona feni ya mota kwenye matundu ya kifuniko chake, inazunguka kama saa, taratibu hivi, lakini kama saa. Sasa mashahidi wawili wamesema kitu kimoja, nitabisha nini? Tukabadilisha valvu ya mtoni, tukafungua viungo vya bomba kimoja kimoja, tukaifungua pampu yenyewe kutafuta takataka. Wiki ya pili inaisha bamia zinaanguka maua.

Jumamosi nikaenda mwenyewe. Nikasimama nyuma ya mota, nikamwambia baba mdogo azime. Kasi ilivyokuwa inapungua mapanga ya ile feni yakaanza kuonekana moja moja, na yalikuwa yanakwenda kinyume na saa, wazi kabisa, mpaka yakasimama. Nikamuuliza, juzi uliangalia umesimama wapi? Akanipeleka upande wa pili, kwenye pampu, chini ya mwembe ambako pana kivuli. Kutoka pale shafti inazunguka kama saa kweli. Mzee hakukosea hata kidogo. Kijitabu nacho kilikuwa na maneno madogo pale chini kwamba mwelekeo ni kwa anayetazama kutoka upande wa feni, na mimi sikuyasoma, wala sikumuuliza amesimama wapi. Fundi umeme akazima kwenye meni, akapima kuhakikisha hakuna umeme, akabadilisha waya mbili. Dakika kumi. Mpira wa mwisho ukajaa ukawa mgumu mkononi.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ndio huo, "kama saa" peke yake ni nusu ya sentensi. Chora mshale wa mviringo kwa kalamu kwenye kioo cha dirisha, ambao ukiwa ndani unauona unakwenda kama saa, toka nje uutazame mshale ule ule, unakwenda kinyume. Hakuna kilichobadilika kwenye mshale. Pangaboi la sebuleni linalokwenda kinyume na saa ukiwa umelala kwenye kochi, fundi aliye darini juu yake analiona linakwenda kama saa, na wote mko sahihi.

Njia nzuri ya kulisema hili nimeipata kwa mama mkubwa wangu alivyokuwa anajiandaa kwenda umra. Kwenye darasa lao hawakuambiwa watufu, yaani waizunguke Kaaba, kinyume na saa. Waliambiwa unaanzia kwenye Hajar al-Aswad, lile jiwe jeusi, Kaaba iwe kushoto kwako, mizunguko saba. Nilivyosikia hivyo nilitulia kidogo, maana hayo ni maelekezo ambayo mtu hawezi kuyakosea, awe chini uwanjani awe ghorofani, awe hajawahi kuvaa saa maishani, kwa sababu yamefungwa kwenye mwili wake mwenyewe. Siku hizi na mimi ndivyo nafanya. Simwambii mtu "kama saa", namwambia simama nyuma ya feni ya mota, panga likifika juu kabisa linaelekea mkono wako upi? Kulia au kushoto, basi, na hilo hata mtoto anakujibu.

Sasa ile video, maana kilichoniuma ni ile video. Baba mdogo alisimama upande sahihi, simu ikadanganya. Mota yetu inazunguka kama mara 1,450 kwa dakika, yani mara 24 na kidogo kwa sekunde. Simu inapiga picha 30 kwa sekunde kisha inazipanga. Piga hesabu, kati ya picha moja na inayofuata feni imeshazunguka kama nyuzi 290. Feni yenyewe ina mapanga sita yanayofanana, kila baada ya nyuzi 60 inaonekana vilevile, na nyuzi 300 ni hatua tano kamili. Kwa hiyo kila picha inakuta panga limepungukiwa nyuzi 10 kufika pale lilipokuwa mwenzake, na jicho lako haliwezi kujua limeruka hatua zote zile, linachukua njia fupi, linasema panga limerudi nyuma nyuzi 10. Ndo maana feni ilionekana inakwenda taratibu, tena upande ambao siyo. Ule mwendo wa taratibu ulitakiwa unishtue, mota ya kasi vile haiwezi kuwa inatambaa. Ni jambo lile lile la matairi ya gari kwenye filamu kuonekana yanarudi nyuma wakati gari linakwenda mbele, filamu ni picha 24 kwa sekunde. Kwa hiyo usithibitishe mzunguko kwa video ya kitu kinachozunguka kwa kasi, zima, kiangalie kwa macho kinavyopunguza mwendo. Na usiiache pampu ikizunguka kinyume kwa muda mrefu eti kwa sababu maji yanatoka, kuna pampu ambazo gurudumu lake la ndani limekazwa kwa nyuzi kama za bolti kwenye shafti na kinyume linaweza kufunguka.

Yule mdada je? Wengi mmemuona, kivuli cheusi cha mwanamke anazunguka kwa mguu mmoja, nusu ya grupu wanasema kulia nusu wanasema kushoto, halafu anatokea mmoja na maelezo kwamba ukimuona hivi unatumia ubongo wa kulia na ukimuona vile ubongo wa kushoto. Hilo la ubongo siyo kweli, naomba tuliache kulisambaza, nimeona mtu anamwambia mtoto wake kwamba hataweza hesabu kwa sababu ya ile picha, na iliniumiza. Ile picha aliitengeneza Nobuyuki Kayahara wa Japani mwaka 2003. Ni umbo jeusi tupu, halina mwanga wala kivuli cha kukuonyesha mguu uko mbele ya mwili au nyuma yake, na bila kujua mbele na nyuma hakuna mzunguko wa kulia wala wa kushoto, kuna umbo linalonenepa na kupungua. Macho yako yanakisia, na yakishakisia yanakupa jibu kwa uhakika wote kana kwamba yameona.

Ukitaka kumgeuza usimkazie macho usoni. Ziba na kiganja sehemu yote ya juu ubaki na mguu uliosimama tu na vile vidole vinavyopita huku na huku, mwangalie kwa pembeni ya jicho, na kichwani jiambie vidole sasa vinapita nyuma. Inachukua kama dakika, halafu anageuka ghafla, na mkono ukiuondoa anabaki hivyo hivyo. Mimi mara ya kwanza nilikaa naye karibu robo saa, sasa hivi namgeuza nikitaka.

Na jambo hili ni la zamani kuliko simu. Mwaka 1860 Mjerumani aitwaye Sinsteden aliandika kuhusu kinu cha upepo alichokiona jioni, cheusi tupu mbele ya anga lenye mwanga, mapanga yake yakawa yanageuza mwelekeo mbele ya macho yake. Ukiwa Nairobi jioni ukaitazama ile mitambo ya upepo ya Ngong jua likiwa nyuma yake unaweza kujaribu mwenyewe, kwa umbali ule hujui kama umeitazama kwa uso au kwa kisogo. Ila angalia tofauti, mtambo wa Ngong una jibu, ukienda mpaka chini yake utalipata. Mdada hana jibu. Hilo ndilo swali la kuulizana kabla ya kubishana, je, kuna kitu halisi tunachoweza kwenda kukigusa, au tuna picha tu? Kama ni picha isiyo na mbele wala nyuma msigombane, hakuna aliyekosea.

Kama kitu kipo, basi kiguse, usibaki kichwani. Chukua baiskeli, pedeli moja iwe chini kabisa, mwenzio aishike baiskeli isianguke tu, asiizuie, kisha wewe simama nyuma uivute ile pedeli ya chini kwa kamba kuelekea nyuma. Baiskeli itakwenda mbele au nyuma? Karibu kila mtu ninayemuuliza anasema mbele, kwa sababu mguu unaposukuma pedeli ya chini kwenda nyuma ndivyo tunavyoendesha. Inarudi nyuma, inakufuata wewe na kamba yako. Ukiendesha, pedeli ikiwa chini inarudi nyuma ukilinganisha na baiskeli, lakini ukilinganisha na barabara bado inakwenda mbele, maana baiskeli nzima inakwenda mbele haraka zaidi. Tena ni lile lile, unalinganisha na nini.

Pedeli hiyo hiyo ina jambo lingine ambalo mafundi baiskeli wanalijua kwa mikono. Ya kulia inafungwa kama kawaida, ya kushoto nyuzi zake ni kinyume, ukiifungua kwa mazoea ndo kwanza unaikaza. Cha ajabu ukifikiria golori za ndani ya pedeli zinavyosugua utaona zingetakiwa zifungue pedeli zote mbili. Haziwezi, kuna nguvu kubwa zaidi inayokaza. Shika penseli kwa ngumi iliyolegea, kwa mkono mwingine izungushe ncha yake kwa duara kama unakoroga uji, utahisi penseli yenyewe inajizungusha ndani ya ngumi upande wa pili. Mzigo wa mguu wako unafanya hivyo hivyo kwenye tundu la pedeli kila unapopiga mzunguko, polepole, na ndo maana kushoto kukageuzwa.

Maji ya sinki nitayasema kwa kifupi. Nanyuki pale kwenye mstari wa ikweta nimesimama, nimeona beseni lenye tundu na kijiti cha kiberiti, hatua chache kaskazini maji yanazunguka huku, hatua chache kusini yanazunguka kule, na wanakwambia ni dunia inayoyageuza. Dunia kweli inageuza maji, mwaka 1962 Ascher Shapiro wa chuo cha MIT kule Marekani alijaza tenki la upana wa karibu mita 1.8, akaliacha litulie saa 24, akatoa maji kwa tundu dogo yakazunguka kinyume na saa, na mwaka 1965 wenzake wakafanya Sydney, Australia, kusini ya ikweta, yakazunguka kama saa. Lakini mita 20 kutoka ikweta sehemu ya mzunguko wa dunia inayogeuza maji ni ndogo mno, kwa hesabu inahitaji zaidi ya miaka 800 kukamilisha mzunguko mmoja. Beseni lililomiminwa sasa hivi linafuata mkono uliomimina. Ukitaka kuiona dunia ikifanya kazi hiyo tazama kimbunga, kama Idai kilichopiga Beira Machi 2019, mamia ya kilomita na siku kadhaa, kinazunguka kama saa kwa picha za kutoka juu.

Na hiyo saa yenyewe tunayoitumia kupimia kila kitu imetoka kaskazini, Ulaya, ambako kivuli cha kijiti, ambacho mishale ya saa ilikiiga, kinazunguka upande mmoja mwaka mzima. Huku kwetu siyo hivyo. Mtoto wa dada yangu nilimpa chaki Desemba, akasimamisha kijiti kwenye ndoo ya mchanga uani hapa Dar, akawa anachora kivuli kila saa, asubuhi magharibi, mchana kaskazini, jioni mashariki, kama saa kabisa. Juni akarudia pale pale bila mimi kumwambia chochote. Alinikuta jikoni akanivuta mkono nikaone, kivuli cha mchana kilikuwa kimeangukia kusini, upande wa pili wa ndoo, na namba zake zote zilikuwa zinakwenda kinyume.